Oti Zilizovimba Ndani ya Dhiil

Harufu ya moshi ndani ya maziwa hunijaza mate mdomoni hadi leo. Ni harufu ya dhiil, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, ambacho hooyo, mama yangu, alikifukiza kwa kaa la moto kabla ya kukitumia. Wakati wa vita, miaka michache baada ya uhuru, askari walitukusanya ndani ya ua wa miiba pembeni mwa Garissa. Moto ulipigwa marufuku tangu jua kuzama hadi lango lifunguliwe alfajiri, na lango halikumngoja mtu. Ukichelewa, mifugo wako walishinda na njaa humo ndani.

Baba alikuwa amekwama Modogashe, barabara imefungwa, kwa hiyo mbuzi walikuwa mikononi mwangu, msichana wa miaka kumi mwenye kichwa kigumu. Nilitoka nao tumbo tupu, kwa kuwa hakukuwa na moto wa kupikia. Siku moja nilianguka kwa kizunguzungu, na mbuzi wawili hawakuonekana tena. Hooyo hakunigombeza. Alisema tu kwamba nikianguka tena atawauza wote waliobaki, na baba arudi akute zizi tupu. Maneno hayo yaliniuma kuliko kiboko.

Kesho yake alirudi kutoka dukani na mkebe wa oti, nafaka bapa ambazo hakuna aliyezitaka kwa kutojua zinaliwaje. Hooyo naye hakujua, ila alizitafuna kavu akaona zinalainika mdomoni. Jua likiwa bado juu alifukiza dhiil, akamimina oti, akajaza maziwa ya ngamia yaliyochachuka hadi pomoni. Kufunga ilikuwa kazi yangu. Nilikikaza kifuniko kwa ukanda wa ngozi, kama tufungavyo maziwa ya safari, nikajiona fundi.

Alfajiri tulikuta ukanda umekatika, kifuniko kiko mchangani, na oti zimevimba zinateremka ubavuni mwa dhiil. Ayeeyo, nyanya yangu, alirudi nyuma hatua mbili.

"Bismillahi. Kitu hiki kiko hai. Msimpe mtoto."

"Kimekunywa maziwa tu, mama," hooyo akasema. Akachota, akala yeye kwanza. Kisha akanisogezea. "Kula. Lango linafunguliwa."

Nilikula uchachu na moshi mpaka tumbo likawa zito. Jua la adhuhuri lilinikuta nimesimama. Jioni hooyo alisimama langoni akawahesabu mbuzi mmoja mmoja, midomo ikitikisika. "Wametimia," akasema, akaniwekea mkono kichwani mbele ya watu. Hakuwauza. Baba aliporudi aliwakuta, na wanawake wa ua ule walikuwa wamekwisha kujifunza kwa hooyo kulowesha oti. Najivunia jambo hilo kuliko cheti chochote nilichopata baadaye.

Siku hizi mjukuu wangu, karani wa ofisi hapa mjini, hulowesha oti jioni na kuziweka kwenye friji. Alijifunza kwenye simu, akaja kunifundisha. Nilimwacha aeleze mpaka mwisho. Alipotaka kufunga chupa iliyojaa hadi mdomoni, nilimshika mkono nikamwambia aache nafasi juu.

"Ayeeyo, umejuaje?"

Nikamwambia aketi, kwa kuwa hadithi ya mbuzi wa baba yangu haisikilizwi kwa kusimama.