Neno Lililokatwa kwa Wino Mwekundu

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu alinipokea mlangoni mwa ofisi pale Mwanza mjini, akanitazama viatu kabla ya uso, akasema, "Hapa hatuandiki hadithi. Tunahesabu." Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado, nami nilikuwa nimetoka Ukerewe na cheti nilichojivunia kupita kiasi. Nikapewa meza, penseli mbili na cheo cha karani wa takwimu. Takwimu yenyewe sikuijua.

Aliyenifundisha ni Mzungu tuliyemwita Bwana Utafiti, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchunguza tabia za watu. Simnyimi haki yake, alijua kufundisha. Sampuli alinieleza kwa mfano wa mpishi: haonji sufuria nzima ya mchuzi, huonja kijiko kimoja, mradi ameukoroga kwanza. Wastani ni kujumlisha majibu yote na kugawanya kwa idadi ya waliojibu. Mtawanyiko ni jinsi majibu yalivyoachana. Yakikaribiana, mtawanyiko ni mdogo. Jioni nilirudi Pasiansi nilikopanga, nikitafuta wastani wa kila kitu, hata wa urefu wa wapangaji wenzangu. Niliipenda elimu ile, na ndiyo maana hasira yangu haijaisha mpaka leo.

Kisha wakubwa wakataka kujua tabia ya kazi ya wakulima wa pamba wa kwetu Ukerewe. Makarani wakavuka ziwa hadi Nansio, wakaingia kila nyumba ya kumi na kuuliza, "Unafika shambani saa ngapi?" Wengine walisema saa kumi na moja, wengine saa kumi na mbili. Nani huku asiyejua kwamba hapo jua halijachomoza? Nikajumlisha, nikagawanya, nikaandika kwenye jedwali: "Wastani: saa 11 na nusu alfajiri."

Bwana Utafiti, ambaye Kiswahili chake kilitosha kuagizia chai tu, alilikata neno la mwisho kwa wino mwekundu. "Jedwali ni namba," akasema. "Maneno ya nini? Ondoa." Nikaondoa. Mjinga mimi, nilidhani ni mtindo tu wa uandishi.

Ripoti ilirudi imepigwa chapa. Nikasoma kwamba mkulima wa Ukerewe hufika shambani karibu na adhuhuri, na kwa kuwa mtawanyiko ni mdogo, uvivu huo ni wa wote. Damu ilinipanda kichwani. Nikaenda nayo mezani kwake.

"Bwana, sisi saa za mchana tunazihesabu tangu jua linapochomoza, za usiku tangu linapozama. Kumi na moja yetu ya alfajiri ni tano yenu. Watu hawa wanalima wewe ukiwa bado umelala."

Akaitazama saa yake ya mkononi, na nikaona ameelewa. Hilo ndilo nisilomsamehe. Angekuwa hakuelewa, ningemwita mjinga mwenzangu, yakaisha.

"Ripoti imeshapokelewa," akasema. "Wewe umeajiriwa kuhesabu. Hukuajiriwa kufikiri."

Karani Mkuu, Mwafrika kama mimi, alinivuta nje. "Kijana, ukila na kipofu usimguse mkono. Unataka kurudi kwenu kuvua furu?" Nikarudi mezani kwangu. Kazi niliitaka.

Amri ikatoka: kila siku saa moja asubuhi kengele ipigwe kwa jumbe, wakulima wote wapange mstari, waitwe majina, ndipo waende shambani. Asiyekuwepo apelekwe kazi ya barabara. Sasa fikirini ninyi mliosoma: watu waliokwisha lima tangu alfajiri waliacha majembe wakarudi kijijini ili kuthibitisha kwamba wameamka!

Nilipokwenda likizo nilimkuta baba akinawa udongo miguuni, kengele inalia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza nikaitike, wasije wakasema nimekufa usingizini." Alicheka peke yake. Kisha akaniuliza, "Wewe si uko huko huko kwenye hesabu? Ni nani aliyehesabu kwamba sisi tunalala mpaka adhuhuri?"

"Sijui, baba."

Uhuru ulipofika, kengele ilinyamaza. Ripoti haikunyamaza. Mkurugenzi mpya, kijana wetu wenyewe, aliifungua ukurasa ule ule kwenye kikao chake cha kwanza akatuhubiria juu ya uvivu wa wananchi. Nikasimama kumweleza. "Ndugu, takwimu hazisemi uongo," akanijibu, na saa aliyovaa ilikuwa ikisoma kumi, naye muda mfupi tu uliopita alikuwa ametuambia ni saa nne asubuhi kamili! Mwezi uliofuata nikahamishiwa chuoni, kufundisha takwimu za mwanzo kwa wanafunzi wa elimu ya tabia. Walidhani wameniadhibu. Kila darasa nililianza kwa swali moja, "Saa ngapi?", na aliyejibu namba tupu nilimpa sifuri, hata awe mtoto wa mkubwa gani.

Nimestaafu sasa. Baba alikufa zamani, hakuwahi kuniuliza tena. Hakujua kusoma, isipokuwa jina lake, ambalo alijifunza kuliandika kwa ajili ya kadi ya pamba. Nakala ya ripoti ninayo kabatini. Chini ya jedwali, mahali pa aliyekokotoa, pana jina langu, na baada yake, kama ilivyo desturi yetu, jina la baba. Laiti ningemwonyesha karatasi ile siku ile aliponiuliza, jina lake angelisoma.