Kicheko Kabla ya Gitaa

Wimbo ule watu wanaujua kwa mwanzo wake. Kabla gitaa halijaanza kulia, mwanamke anacheka. Ni kicheko cha kupasuka, cha mtu aliyejibana mbavu mpaka zikamshinda. Kisha vijiti vya ngoma vinagongwa mara nne na gitaa linaingia. Kwenye kumbi za harusi, kicheko hicho kikisikika tu, watu huacha sahani zao mezani wakainuka kucheza. Hata vijana waliozaliwa miaka mingi baadaye hukiigiza. Lakini cha nani, hawakujua. Aliyejua ni mama mmoja mtu mzima, mjane, aliyeishi peke yake katika vyumba viwili nyuma ya hospitali. Kilikuwa chake.

Siku kilipomtoka alikuwa na miaka kumi na tisa, karani wa mapokezi kwenye studio ya kurekodi muziki. Kiongozi wa bendi alikuwa amepigiwa simu kutoka nyumbani kwake, na binti akaenda kumwita. Juu ya mlango palikuwa na taa nyekundu ya kuonya kwamba kurekodi kumeanza, ila balbu ilikuwa imeungua tangu juzi. Akasukuma mlango akaingia. Wakati huohuo mpiga ngoma, pande la mtu, alikuwa akiketi kwenye kigoda chake, na suruali ikachanika nyuma kwa mlio ambao kila mtu aliusikia. Mwenyewe hakuona haya. Akasema kwa sauti ya mtu anayehutubia, "Mabwana, tuanze tu, maana mimi leo sisimami tena mpaka mtoke wote."

Wanaume wakauma midomo. Binti akashindwa. Vijiti vikagongwa, gitaa likaingia, na baadaye fundi mitambo alipotaka kukikata kile kicheko, kiongozi wa bendi akamzuia. "Kiache," alisema. "Bila hicho wimbo hauna mlango."

Mwaka uliofuata binti aliolewa na karani wa mizigo wa reli, mtu mpole, mchapakazi, asiyekunywa wala kurudi nyumbani akiwa amechelewa. Wimbo ulikuwa umeanza kuvuma. Jioni moja ulipigwa redioni, naye kwa furaha akamwambia mumewe, "Umemsikia anayecheka? Ndiye mimi."

Mume aliweka kijiko chini. Akamwuliza, "Ulikuwa unamchekea nani?"

Akamweleza habari ya suruali, mwanzo mpaka mwisho. Mume akasikiliza yote, halafu akainuka na kuizima redio. Hakugomba. Hakulitaja tena jambo hilo maisha yake yote, na mkewe naye hakulitaja. Lakini tangu siku hiyo, wimbo ule ukianza popote walipo, kwa jirani au harusini, mume humtazama kidogo tu, na mke hunyanyuka akatafuta kazi ya kufanya. Ataenda jikoni, au atasema mtoto anamwita. Hivyo katika miaka thelathini na minne ya ndoa hakuwahi tena kuusikia wimbo huo kupita pale gitaa linapoingia.

Aliacha studio, akahamia kwenye kazi ya simu hospitalini. Alikaa kwenye ubao wa simu, visikizio masikioni, akiunganisha wodi na maabara, daktari na nyumba yake. Wenzake walimwita Bi Subiri, kwa jinsi alivyosema "subiri kidogo" kwa sauti iliyonyooka kama rula. Watu walipiga wakilia, wengine wakitukana, naye aliwaunganisha wote. Mtu ukikaa miaka mingi ukipitisha maneno ya wengine, yako huzoea kukaa kimya. Alistaafu, mume akafariki, na binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mbali, akipiga simu Jumapili kwa haraka haraka, sufuria zikigongana nyuma yake.

Redio ilikuwa na kipindi cha Jumamosi asubuhi: wanapiga mwanzo wa wimbo, sekunde chache tu, na msikilizaji anautaja. Mama yule alikuwa akikunja nguo alizozianua. Kicheko kikatoka redioni. Alisimama tayari kwenda jikoni, halafu akakumbuka kwamba hakuna wa kumkimbia. Akachukua simu, akapiga namba.

Mtangazaji alimpokea kwa bashasha. Mama akautaja wimbo, akapata.

"Hongera, mama yangu. Umeujuaje upesi hivyo?"

"Ni mimi ninayecheka hapo."

Mtangazaji akacheka. "Mama, wewe ni wa tano kuniambia hivyo. Haya, hebu tuchekee kidogo tukusikie."

Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Wasikilizaji wa nchi nzima walimsikia akipumua, kisha mtangazaji akamshukuru na kuweka tangazo la sabuni. Mama akabaki ameshika simu iliyokwisha kukatika, uso umemwiva kwa aibu ndani ya nyumba isiyo na mtu.

Mchana binti yake alipiga, ingawa haikuwa Jumapili. Rafiki yake alikuwa ameitambua sauti.

"Mama, ni kweli? Ni wewe?"

"Ni mimi."

Safari hii sufuria hazikusikika. "Wimbo huo nimeucheza kwenye harusi yangu," binti akasema. "Mama, mbona mimi sijawahi kukusikia ukicheka hivyo?"

Mama akasema ameteleka maji jikoni, akakata simu. Hakuwa ameteleka kitu.

Jumatatu alikwenda sokoni kwa muuza santuri za zamani. Muuzaji aliipata santuri ya wimbo ule, akaipangusa kwa kiwiko. "Huyu anayecheka," akamweleza, "alikuwa mchumba wa mpiga gitaa. Waliachana siku hiyohiyo."

"Hakuwa mchumba wa mtu," mama akasema. "Alikuwa karani wa mapokezi."

Muuzaji akamtazama, asibishane na mteja. Akaiweka santuri kwenye mashine aijaribu. Mama akasimama kati ya mafurushi ya nguo na rundo la redio mbovu, akakiacha kicheko kipite, akaliacha gitaa liingie, akasubiri. Kumbe wimbo ulikuwa wa huzuni; enzi za usichana alikuwa akisikiliza kicheko chake tu. Mwimbaji alikuwa akimwita mkewe aliyehama, akimhesabia vitu alivyoviacha nyumbani: kanga, kitana, kiatu cha mguu mmoja. Hadi mwisho mke harudi. Watu miaka yote walikuwa wakiucheza.

"Nikufungie?" muuzaji akauliza.

"Sina mashine ya kupigia," akajibu. "Rudia tu mara moja."

Jumapili hakungoja. Alipiga yeye, akamsimulia binti yake yote: studio, balbu, suruali, kijiko kilichowekwa chini. Binti alilia kidogo, akamkasirikia marehemu baba yake, kisha akamtetea, kisha akaahidi kuja likizo. Huenda angekuja. Mama alimwambia asisumbuke moyo juu ya baba yake, kwani alikuwa mtu mwema, ila nyumba yao ilikuwa kimya mno. Walipoagana alikaa na simu mapajani mpaka joto lake likaisha, halafu akainuka kuanua nguo.