Kiyomi Apewa Kisu

Kiyomi alikuwa muuguzi mstaafu kutoka Japani, aliyejitolea kupima watoto wachanga katika zahanati ya kijiji kimoja cha Laos. Kwa miezi saba, kila alipokaribishwa chakula alitandikiwa mkeka, akapakuliwa wa kwanza, na akijaribu kukusanya vyombo ananyang'anywa. Alishukuru, ila moyoni alijiona bado mgeni.

Siku jirani yake Bounmy alipomwoza binti yake, Kiyomi alifika akakuta wanawake wamezama katika mapishi. Bounmy hakuinua hata kichwa.

"Dada, umechelewa. Kisu hicho, vitunguu hivyo. Au mpaka tukuandikie barua?"

Kiyomi akaketi, akamenya. Machozi yakamtoka.

"Mwoneni huyu, anamlilia bibi harusi," mmoja akasema.

"Na vipande vyenyewe vinene kama matofali," Bounmy akadakia. "Kata vyembamba, dada. Wazee wetu hawana meno."

Wakacheka, naye akacheka nao. Mchana kutwa alikata, akatumwa maji, akakemewa mara mbili kwa kusimama njiani. Jioni alirudi kwake ananuka moshi, akifurahi kwamba hakuna aliyekumbuka kumwambia asante.