Disketi Moja, Zahanati Mbili

Nimeishi miji mingi tangu wakati ule, na kazi nilizofanya siwezi tena kuzipanga vizuri kichwani. Lakini nikikumbuka Nachingwea na Ruangwa, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, narudi kwenye swali moja ambalo sijalijibu mpaka leo: programu ya kompyuta ijue iko kwenye mashine gani, au isijue?

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na kozi fupi ya kompyuta. Shirika moja lenye zahanati mbili, moja Nachingwea na moja Ruangwa, likanipa kazi. Niliandika programu ndogo. Mtoto akishachomwa sindano ya chanjo, programu inasoma tarehe kwenye saa ya kompyuta, inaongeza wiki nne, inamchapia mama kadi ya siku ya kurudi. Mwalimu wetu wa kozi alikuwa akisema programu nzuri ni kama mgeni mwenye adabu, haulizi jikoni kuna nini. Nami nilijivuna kwamba disketi yangu moja ilifanya kazi pande zote mbili bila kubadilishwa hata mstari.

Mwisho wa Januari nikashuka kwenye lori Ruangwa, matope mpaka magotini, nikakuta akina mama wa kijiji cha Narung'ombe wamejaa barazani, na haikuwa siku ya kliniki.

"Karibu, bwana kompyuta," akasema Sista, nesi mkuu wa pale. "Wageni wako hawa. Wapikie."

Kadi zote zilizochapwa tangu mwaka mpya zilikuwa na tarehe moja, ishirini na tisa Januari bila mwaka, yaani siku hiyo. Sista alikuwa amefurahi, akadhani mashine imeamua kuwakusanya wote waje pamoja. Kumbe kompyuta ilizimwa wakati wa sikukuu, na betri ndogo ya kutunza saa ikafa. Kila asubuhi ilipowashwa iliamini ni tarehe mosi Januari, mwaka wa themanini.

"Themanini?" Sista akacheka. "Basi mimi bado sijaolewa. Kamwambieni yule mzee wangu nyumbani arudi kwao."

Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni hakucheka. Alisema kwa Kimwera, Sista akanitafsiria: ameelewa kwamba sindano ya pili haichomwi kabla ya siku zake. Lakini shamba limejaa majani, na akirudi leo bure, hatakuja tena.

"Mtengenezee kadi ya kweli," Sista akaniambia. "Kwa mkono naweza kumwandikia, lakini kesho je, na keshokutwa?"

Betri ile ilikuwa imefungiwa ndani ya kidude kilichochomelewa, huwezi kuibadilisha. Nikafungua programu na kuongeza mstari mmoja mwanzoni: kwanza muulize mtu tarehe ya leo. Sista akaandika ile ya siku mtoto alipochomwa, kadi ikatoka sawa. Mama akaitazama mbele na nyuma.

"Na hii nayo," akauliza kupitia kwa Sista, "imeamka leo?"

Nikasema ndiyo.

Nachingwea nikaenda na disketi hiyo hiyo. Nesi wa kule, kijana wa rika langu, hakuipenda. "Kaka, mashine yangu inajua tarehe kuliko mimi. Mbona siku hizi inanihoji kama polisi?" Haikupita wiki, mtu akaandika mwezi uliopita, na mama mmoja kutoka kijiji cha Mtua akapewa kadi ya siku iliyokwishapita.

Nikatengeneza disketi mbili, moja inauliza, nyingine haiulizi. Nilipotakiwa kubadilisha neno kwenye kadi, nikalibadilisha huku, nikalibadilisha kule, halafu sikuwa na hakika tena kama zinafanana. Nikaziunganisha: programu iulize pale tu mwaka unapokuwa wa kipuuzi. Ikakubali kote. Lakini sasa programu ya Nachingwea ilikuwa imebeba ndani yake ugonjwa wa saa ya Ruangwa.

"Mgonjwa yuko Ruangwa," akasema yule nesi, "sisi huku tunameza vidonge vyake."

Ilikuwa programu moja, au mbili zilizovaa shati moja? Nilikuwa naamka na jibu hili, nalala na lile.

Siku ya yule mama wa Narung'ombe kurudi ilipofika, katikati ya Februari, nilikuwa Ruangwa tangu asubuhi, nikiutazama mlango. Yule mama akaja. Sindano ikachomwa, mtoto akalia, na mimi nikaona nimefaulu. Nikamwomba Sista amuulize kama kadi ilimsaidia.

Wakaongea kidogo, wakacheka.

"Kadi ameiacha nyumbani," Sista akasema. "Anasema ya kwanza ilimdanganya, ya pili hakuihangaikia. Amewaona wenzake wanatoka, naye akatoka."

Wenzake nao walikuwa wamefuata kadi, au walifuatana tu?

"Haya, chapa ya tatu, bwana kompyuta. Ana njia ndefu."

Mashine ikaniuliza tarehe. Nikaiandika, nikasita kabla ya kubonyeza, nikamuuliza Sista kama ndiyo ya leo. Sista naye akasita, akamuuliza yule mama. Mama akawageukia wenzake barazani.