Nilimwambia Nitakuja Jumamosi

Habari za msiba zilinikuta Jumanne asubuhi kwenye maegesho ya ofisi yetu hapa Richardson, Texas, mkanda wa gari ukiwa bado kifuani. Dada mmoja muuguzi wa Missouri City, kule upande wa Houston, alikuwa amefariki alfajiri kwa saratani. Wengi wenu hamkumjua, maana hakuwa mtu wa kamati wala wa kushika maikrofoni kwenye harusi zetu. Mimi nami siwezi kujidai kuwa nilikuwa rafiki yake wa karibu. Tulikuwa watu wa kujuana tu, wa kupigiana simu siku za sikukuu na kuulizana habari za nyumbani Kenya. Lakini tangu Jumanne situlii. Nachemsha chai naisahau, naanza sentensi naiacha, na safu hii naiandika huku nikiinuka na kuketi. Nivumilieni, maana nina jambo la kukiri na sina mahali pengine pa kuliweka.

Kwanza niwaambie tulivyokwenda kanisani. Miaka michache iliyopita nilikuwa Houston kwa harusi, na kesho yake asubuhi dada huyu akanipigia simu akitaka dereva. Alikuwa ametoka zamu ya usiku na hakuyaamini macho yake barabarani. Pamoja na hospitali alikuwa akifanya kazi katika makao ya wazee, na huko alimhudumia bibi mmoja Mmarekani ambaye mazungumzo yake yote yaliishia kwenye kanisa la mbao alikobatizwa, mwendo wa saa moja na nusu kuelekea magharibi. Siku moja, akiwa anamtandikia kitanda, dada alimwambia kama tunavyosema sisi sote, "Usijali mama, nitakupeleka." Kwetu maneno hayo ni kama blanketi unalomfunika mgonjwa, hakuna anayeuliza zaidi. Bibi akauliza, siku gani? Dada, mkono ukiwa kwenye shuka, akasema Alhamisi. Alhamisi alipoingia kazini alimkuta bibi amekaa ukumbi wa mbele tangu kifungua kinywa, kofia kichwani, rangi ya mdomo, mkoba mapajani. Dada alikuwa amesahau kabisa. Aliniambia kwamba aliona haya ambayo hajawahi kuiona tangu aingie nchi hii. Akaomba radhi, akamtafuta mpwa wa bibi atie sahihi karatasi ya ruhusa, akapanga siku nyingine. Siku yenyewe ndiyo hiyo aliyoniita mimi.

Kanisa lenyewe lilikuwa dogo kuliko nilivyotarajia, jeupe, limesimama peke yake kati ya malisho ya ng'ombe na makaburi yenye majina ya Kicheki, ya wahamiaji waliolijenga. Ufunguo tuliuchukua kwa jirani. Kwa ndani dari ni ya buluu yenye nyota, na nguzo zake za mbao zimepakwa rangi zikafanana na marumaru, hata ikanibidi nizigonge ndipo niamini. Bibi alitueleza kwamba chini ya urembo wote huo jengo linashikiliwa na magogo yaliyochongwa kwa shoka na kuunganishwa kwa vigingi vya mti, na kwamba boriti ya tatu kutoka mlangoni ni kazi ya babu yake. Nilipotaka kuketi nyuma yao aliinua fimbo akanielekeza upande wa kulia. Wanaume ni kule. Dada alicheka mpaka akajishika mbavu. "Kama kwetu kabisa, kaka," akasema. "Nenda kwa wazee wenzako." Basi nikaenda, nikakaa peke yangu kama mkwe aliyefika kabla ya wenyeji.

Sasa tazama tabia yangu. Dada alitakiwa hospitali saa tisa alasiri, na kufikia saa sita na nusu bibi alikuwa hajasema neno wala kuonyesha dalili ya kuinuka. Hakuwa akisali hata. Alikuwa ameinua uso tu, akiitazama ile boriti. Mimi kule upande wa wanaume nikawa nakohoa, nachezesha funguo, naangalia saa. Mwisho nikavuka kwenda upande wa wanawake, nikamnong'oneza dada kwamba tutachelewa. Hakunigeukia hata kidogo.

"Kaka, keti," akasema. "Nilimwambia nitamleta. Sikumwambia nitamharakisha."

Kisha akatoka nje na simu, akabadilishana zamu na mwenzake kwa kumwachia mapumziko yake ya Krismasi, akarudi akaketi. Mwanamke ambaye sikuwahi kumwona amekaa hata kwenye karamu, daima yuko na sufuria au mtoto wa mtu, alikaa kwenye benchi lile mpaka saa kumi. Bibi alipotosheka aliinuka mwenyewe, akasema ahsante, tukaondoka.

Nimekuwa nikijiuliza tangu lini sisi tukawa watu wa maneno mepesi namna hii. Nitakupigia. Nitapita. Tutatafutana. Nyumbani maneno hayo hayakumwumiza mtu, kwa sababu hata usipopita mtakutana sokoni, au kwa kinyozi, au jirani atapita kwa niaba yako. Hapa mtu akiugua amefungiwa na barabara kuu nne na zamu za watu wote anaowajua. Wazee walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, nasi tumejaza Texas nzima nenda uje. Lakini mtu akifa, utatuona. Simu zinalia kutoka Garland mpaka Oklahoma, magari yanajaa, wapishi wanagombania jiko. Ukitaka kuwaona Wakenya wote wa mji huu kwa pamoja, inakubidi ufe, na hapo hutawaona.

Nami sisemi kama hakimu. Miezi miwili iliyopita dada alinipigia akanieleza hali yake, kwa sauti ile ile ya kusimulia habari za kawaida. Hakuniomba kitu. Mimi ndiye niliyesema, "Nitakuja Jumamosi." Jumamosi ikaja na kazi ya ofisini, nikampigia nikasema ijayo. Ijayo nilikuwa na mafua, au nilijiambia ni mafua. Ya tatu sikumbuki hata kisingizio. Aliniambia nisijali, anajua barabara ni ndefu. Ni mwendo wa saa nne na ushei. Jumanne nilimwomba bosi ruhusa palepale maegeshoni, akanipa kabla sijamaliza kueleza, na alasiri nilikuwa mlangoni pa marehemu. Ruhusa ile sikuwa nimewahi kuiomba alipokuwa hai.

Binti yake, msichana wa chuo, ndiye aliyenipokea. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Alinimiminia chai, akasimama na chupa mkononi, akaniambia kwa upole, kama mtu anayedhani atakufurahisha.

"Uncle, zile Saturday alikuwa anakataa dawa za pain mpaka jioni. Alisema zinamfanya alale, na anataka kuwa awake ukifika."

Jumamosi zilikuwa tatu. Alikuwa muuguzi, alijua vizuri maumivu yale ni ya kiasi gani na dawa ile ingeyapunguza kwa kiasi gani, na akachagua kungoja. Kwa hiyo, msomaji wangu, usimwambie mgonjwa utakwenda ili umalize simu vizuri. Mwambie huwezi, atakusamehe, ameze dawa yake, alale.