Sukari Niliyoficha Chini ya Maembe

Siku yangu ya kwanza kazini nilidanganya kabla hata sijaweka mfuko yangu chini. Hiyo ilikuwa Sultan Hamud, Uhuru ikiwa bado mbichi, kwa nyumba ya stesheni masta. Bibi yake tulikuwa tunamwita Mama Stesheni. Alisimama kwa mlango ya jikoni, mkono kiunoni, akaongea na pua kama mtu ako na mafua Januari mpaka Disemba. "Weewe msichana. Unajua kuoka?"

Nikasema ndiyo, mama. Kuoka nilikuwa najua: viazi tamu kwa majivu.

"Na oveni unajua?"

Ndiyo, mama. Nikafungua ile mlango ya chuma, nikaona giza ndani, nikafikiri hii ni stoo nzuri sana. Nikapanga sufuria zake zote humo. Wakawasha moto. Vishikio vya mbao vikaanza kutoa moshi, Mama Stesheni akalia mpaka watu wakatoka kwa stesheni kuangalia kama treni imegonga ng'ombe.

Hakunifukuza. Alinipeleka kwa mpishi wake, mzee moja alikuwa amepikia wazungu miaka mingi, na kila kitu akisema anamaliza na "umesikia?" Huyo ndiye alinifundisha krambo, ile tamu ya wazungu ya kuoka. Nyinyi wasichana mnaosomea upishi mnaijua na jina ya kitabu. Sisi tuliijua na mikono. Chini unaweka matunda, maembe, ama mapapai, ama mapera. Juu unaweka unga imefikichwa na siagi mpaka inakuwa chengachenga. Kufikicha ni kusugua na ncha ya vidole, si kukanda. "Ukikanda umepika chapati, umesikia? Shika kama unaosha uso ya mtoto, umesikia?" Na oveni unaipima na unga. Unatupa kidogo kwa trei. Ikikuwa nyeusi mara moja, ngoja. Ikikaa nyeupe, ongeza kuni. Ikigeuka rangi ya mchanga polepole, hapo ingiza krambo.

Nilisikia. Miaka sita nilisikia.

Stesheni masta akahamishwa, nikaenda Mtito Andei, kwa hoteli ya barabarani. Bosi wa huko tulimwita Bwana Meneja. Alikuwa mnono, na anaongea mbio kama anauza mbuzi soko ikifungwa: "Mama Mwikali, mama, mama! Sikia! Mteja hakumbuki nyama! Mteja anakumbuka sukari! Weka! Weka!" Na nikaweka. Madereva wa malori walikuwa wanasimamisha gari kwa sababu ya krambo yangu. Mmoja alikuwa anaingia akiimba, "Mama, ongeza tamu, Mombasa ni mbali!" Nikajiona mtu. Mimi, sijui kusoma hata jina yangu, lakini lori inasimama.

Na mjue pia nyumbani kwetu sukari ilikuwa nini. Mgeni akija, ukimpa chai ya sukari kidogo, huyo mgeni ataenda kusema mpaka Kasikeu. Atasema nyumba fulani ni ya njaa, ama ni ya choyo. Kupima sukari mbele ya mtu ilikuwa karibu sawa na kumtusi. Nasema hii si kujitetea. Nasema ndio mjue ujinga yangu ilitoka wapi.

Miaka ya sabini ikiisha nikaitwa Kitui, shule ya bweni ya wasichana, kupika kwa nyumba ya Mwalimu Mkuu. Alikuwa mama Mkamba kama sisi, hana mume, amesoma mpaka akasoma ng'ambo, na hakuna siku alipandisha sauti. Wiki ya kwanza aliniita kwa sebule, akafunga mlango.

"Mama Mwikali, keti. Nina ugonjwa wa sukari. Daktari amesema nikiendelea kula sukari, macho na miguu yangu itaharibika. Lakini Jumapili wageni wa shule wanakula hapa, na mimi napenda kitu kitamu kidogo baada ya chakula. Unaweza kunitengenezea krambo nyepesi? Bila sukari, na siagi nusu."

Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu."

"Na usiwaambie wengine. Ni mambo ya mwili wangu."

Aliniambia. Sitasema hakuniambia. Alinikalisha kwa kiti yake, akaniambia na Kiswahili safi, na nilisikia kila neno.

Nikatoka hapo nikaenda jikoni moja kwa moja, nikavuta shuka kama ni gauni ya Mwalimu, nikatembea na ncha ya vidole vya mguu, nikawaambia wenzangu, "Mama Mwikaaali, ni-ten-ge-ne-zee nyepesi. Ni mambo ya mwi-li wangu." Walicheka wakashika meza. Mimi nilikuwa najulikana kwa kuiga watu, na kila bosi mpya ilikuwa lazima nimuige siku ya kwanza. Hiyo ugonjwa sikuiamini. Niliona ni maringo ya kusoma. Mtu ananenepa vizuri, ako na mshahara, anasema sukari inamuua? Kwetu sukari ilikuwa inakosekana, si kuua.

Jumapili ya kwanza nilipika vile aliagiza. Nilitoa sukari tu, basi, sikufikiria kuweka kitu kingine. Maembe ilikuwa ya kukatwa mapema, chachu, na juu chenga zimekauka kama mchanga ya mto. Mwenyekiti wa bodi ya shule alikuwa mgeni. Mzee wa kifua, anaongea akikohoa katikati. Akaonja. Akaweka kijiko chini. "Mwalimu, khm! Mpishi wako, khm! Alikosa pesa ya sukari, tumchangie?"

Meza yote ikacheka. Mwalimu naye akacheka kidogo, kwa adabu. Na mimi nilikuwa nimesimama pale na jagi ya maji.

Aiya. Nilirudi jikoni masikio ikiwaka moto. Mtu ambaye malori ilikuwa inasimama kwa ajili yake! Wenzangu nao walikuwa wamesikia. Mmoja akaniuliza, "Mama Mwikali, tukuchangie?"

Jumapili ya pili niliweka kikombe ya sukari. Sikuweka juu, juu ingeonekana iking'aa. Niliweka chini kabisa ya trei, nikafunika na maembe. Ikiiva inayeyuka, inakuwa maji ya matunda tu, hakuna mtu anaweza kujua. Siagi nayo nikarudisha yote.

Mwalimu akaonja. Akafunga macho. "Mama Mwikali! Na hakuna sukari hata kidogo?"

"Ni maembe, Mwalimu. Imeiva."

"Wewe ni bingwa."

Na mwenyekiti: "Khm! Sasa huyu ndiye mpishi!"

Jikoni tulicheka hiyo siku mpaka machozi. Na kila Jumapili nilikuwa nainua kikombe ya sukari juu, wenzangu wote waone, nasema na ile sauti yake, "Ni-ten-ge-ne-zee nyepesi," halafu namwaga. Ilikuwa kama mchezo. Naye Mwalimu, kwa sababu aliamini haina kitu, akaanza kuongeza. Sahani moja ikawa mbili. Akasema niweke ingine ya Jumatano. Alikuwa amejinyima kila kitu kingine: chai yake kavu, mkate hagusi, soda hataki hata kwa arusi. Tamu yake ilikuwa moja tu duniani, na hiyo ndiyo nilimtilia sukari.

Hii ilienda miaka tatu.

Kwanza ilikuwa kidole ya mguu. Kiatu ilimkata kidogo, kidonda ikakataa kupona. Halafu mguu ikabadilika rangi. Wakamlaza hospitali, nikawa nampelekea uji. Siku moja nikapata daktari amesimama kwa kitanda, kijana mwenye kuongea akiangalia karatasi. "Mwalimu, hii sukari yako inapanda na sielewi. Unakula nini? Nani anakupikia?"

Nikasema, "Mimi."

Akaniangalia. Kabla niseme kitu, Mwalimu akamjibu: "Hapana, daktari. Huyu usimuulize. Huyu ananipikia kama nilivyomwagiza. Kama si huyu ningekuwa nimekufa."

Hapo ndipo ningesema. Uji ilikuwa mkononi, mdomo ilikuwa yangu. Nilimimina uji kwa kikombe, nikafuta kijiko na leso.

Wakakata mguu chini ya goti.

Jumapili ya kwanza alirudi nyumbani, wageni hakukuwa. Yeye peke yake kwa meza, magongo mbili kando. Nilipika bila sukari. Safari hii nilijaribu kweli. Nilichagua maembe ya mwisho wa mti, yale ndege wameanza kudonoa, nikakamulia ndimu. Nikapeleka. Nilikuwa nataka kuanza upya kimyakimya, kama ile mambo ingine haikuwa.

Alikula kijiko moja. Akakula ingine, polepole. Halafu akaniangalia.

"Hii ndiyo ile niliyokuagiza."

Hakuwa anauliza. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa hiyo ile nyingine ilikuwa nini?"

"Sukari, Mwalimu."

"Kiasi gani?"

"Kikombe."

"Kila Jumapili?"

"Na Jumatano."

Alikunja kitambaa ya meza na vidole, akaikunjua. Nilingoja anitukane. Mama Stesheni angelia, Bwana Meneja angenirushia sahani, na ningeshukuru. Yeye aliuliza tu, "Na hao wengine jikoni, walijua?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimezoea. "Wote, Mwalimu."

"Kwa hiyo katika nyumba hii ni mimi peke yangu sikujua ninakula nini."

Halafu akachukua kijiko, akamaliza sahani yote, mimi nikiwa nimesimama. Hakuniambia nikae. Hakuniambia niende.

Hiyo wiki nilifunga nguo yangu kwa kikapu, nikingoja barua ya kufutwa. Barua haikukuja. Nikamwomba msamaha kwa mlango ya sebule, akasema, "Nimesikia, Mama Mwikali," akaendelea kusoma karatasi za mitihani. Daktari baadaye aliniambia mguu haikuharibika kwa sababu ya krambo peke yake, hiyo ugonjwa ina njia zake. Watu wananipatia hiyo maneno kama dawa. Siimezi. Na ile sauti yake ya jikoni, tangu hiyo siku mpaka leo sijaiga tena. Hapa nimewaambia maneno yake tu.

Jumapili ikafika tena. Nikiwa nakata maembe nikasikia magongo kwa korido, to, to, to. Mwalimu akaingia jikoni. Akavuta stuli, akakaa, akaangalia mikono yangu. Kutoka kukata matunda mpaka trei ikaingia kwa oveni, hakuondoa macho. Halafu akasimama akaenda.

Alifanya hivyo kila Jumapili, miaka na miaka. Na mbele ya hiyo macho ndiyo nilijifunza krambo nyepesi ya kweli. Ndiyo hii: matunda weka kwa oveni kwanza, uchi, bila kitu juu, maji yake ipungue na tamu yake ijikusanye. Tia mdalasini na ganda ya ndimu iliyokunwa. Chenga zako, unga ya ngano nusu na unga ya wimbi nusu, ile wimbi uikaange kwanza kwa sufuria kavu mpaka inukie. Majarini kijiko mbili kubwa tu, na karanga iliyopondwa ndiyo itaongeza mafuta. Usibane na mkono, mwaga tu ianguke yenyewe. Wakati mwingine Mwalimu alikuwa anasema, "Wimbi imezidi," ama "Leo karanga ni nzuri." Hiyo ndiyo ilikuwa mazungumzo yetu yote. Ilikuwa tamu, hiyo krambo. Mwenyekiti wa bodi alikula akaongeza, na hakukuwa na punje ya sukari. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi: ilikuwa inawezekana tangu siku ya kwanza, kama ningejali kuitafuta.

Jumapili yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, miaka ya tisini, nilikata maembe nikamngoja. Hakukuja. Nikatuma mtu: mwambie Mwalimu nangoja. Jibu ikarudi: "Mwalimu anasema upike." Sikuweza. Nikabeba trei hivyo hivyo mbichi, nikapita korido, nikaingia sebuleni, nikaiweka mbele yake ili aone mpaka chini.

Hakuiangalia. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, mguu ya mbao ameitoa. Akasema, "Mama Mwikali, nilisema upike."

Nikarudi nikapika. Alikula. Jumatatu nikapanda gari na kikapu yangu.

Sasa niko nyumbani, na mama wa kanisa wakija kuonyeshwa krambo, namwaga kila kitu kwa meza kwanza, hata chumvi, waone. Nimewaambia hii hadithi. Wananiambia, kama aliacha kukuangalia, mwaitu, mama yetu, basi alikuwa amekusamehe. Labda. Labda pia hiyo siku mguu ilikuwa inamuuma tu, na korido ni ndefu. Sikumuuliza. Ningeuliza, ingekuwa tena ni mimi nataka kitu kutoka kwake.