Majibu Yangu Yalivyosikika Mtaa Mzima

Jamani, mwezi mzima sikulala vizuri. Niliona vipele vidogo vyeupe kwenye sehemu zangu za siri, vimejipanga kama shanga, na harusi yangu ndiyo hiyo inakaribia. Nikaviminya, vikagoma. Mwisho nikajikaza, nikaenda kwa rafiki yangu daktari. Akaniangalia, akachukua vipimo, akaahidi kunitumia majibu kwa ujumbe wa sauti.

Mimi nauza vitenge Kariakoo. Huku duka lisilo na spika ni kama limefungwa, kwa hiyo simu yangu inashinda imeunganishwa na spika ya mlangoni, inaita wateja kwa sauti yangu niliyoirekodi.

Juzi mama mkwe mtarajiwa akaja kuchagua vitenge vya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake. Nimesimamisha tangazo na kushusha sauti ya simu, nimemwamkia, nimemkalisha kwenye stuli, mara ujumbe wa daktari ukaingia. Uvumilivu ukanishinda. Nikageukia ukutani, nikaubonyeza, nikabana simu sikioni. Kimya. Nikaongeza sauti mpaka mwisho.

“Ondoa hofu, bwana harusi!” spika ikanguruma barabarani. “Vipimo safi! Hivyo vipele vya uume ni maumbile tu, wanaume wengi wanavyo. Si ugonjwa, haviambukizi. Ila acha kuviminya!”

Wabeba mizigo wakapiga makofi. “Hongera, bosi!”

Nikatamani kujifunika vitenge vyote vya dukani. Mama mkwe hakuinua hata uso, aliendelea kupapasa kitambaa.

“Mungu mwema,” akasema taratibu. “Lakini mwanangu, umesikia? Usiviminye.”